Ujumbe wa Wali Siku ya Mfungo

Jikoni kwetu, mjini Bhavnagar, siku huanza saa kumi na moja alfajiri. Mama hupika chakula cha mchana cha watu arobaini na wawili, kisha kinapelekwa kwenye mikebe hadi maofisini na kwenye nyumba ya wazee iliyo nyuma ya hekalu. Kupika ni kazi yake na Shangazi Ramila, mpishi wetu. Kazi yangu mimi, Hetvi, ilikuwa kuandika ujumbe, na niliichukia kuliko kuosha masufuria.

Kila jioni yalikuwa yale yale. Muuza mboga aambiwe alete nini. Shangazi Ramila aambiwe apike nini. Wateja waambiwe watakula nini. Ukimaliza, kesho unaanza upya, kama mtu anayejaza maji kwenye pakacha.

Likizo ilipofika niliweka programu kwenye simu ya biashara, itume yote yenyewe kwa ratiba: Jumatatu hivi, Jumanne vile. Zikabaki siku za mfungo. Siku ya kumi na moja mwezi unapokua, na siku ya kumi na moja unapopungua, wazee wetu hawagusi wali wala dengu. Nilihesabu kwa vidole kutoka mfungo uliopita hadi huu, nikapata siku kumi na tano. Basi nikaiamuru simu: kila baada ya siku kumi na tano, wali na dengu visipikwe.

"Kalenda ya ukutani umeiangalia lakini?" Mama aliniuliza.

"Nimeiangalia, Mama."

Sikuwa nimeiangalia. Ilikuwa upande wa pili wa jiko, na mimi nilikuwa nimeketi.

Mifungo miwili ilikwenda sawa, nikavimba kichwa. Kisha Mama aliitwa aende mji wa Surat kumuuguza dada yake. Alisita mlangoni na mfuko wake mkononi.

"Nenda tu, Mama. Simu inajua kila kitu."

Siku ya tatu baada ya yeye kuondoka, Shangazi Ramila alisimama dirishani na mwiko wake. "Hetvi, mbona kina mama wanakwenda hekaluni wengi hivi? Leo si mfungo?"

"Mfungo ni kesho. Si umeuona ujumbe?"

"Nimeuona. Na mwezi nao nimeuona jana."

"Basi mwezi ndio ukupikie!"

Alisonya, akamimina mchele sufuriani.

Saa saba mchana mikebe kumi na tisa ilirudi kutoka nyumba ya wazee, mizito, haijafunguliwa. Simu ikalia. Alikuwa Bibi Savita, anayewasemea wenzake pale.

"We mtoto, nimefunga miaka arobaini. Leo ndio unataka kunilisha dengu?"

"Samahani Bibi, ni... simu imeharibika."

"Kumbe siku hizi simu ndiyo inayopika! Tangu jana jioni hatujatia kitu mdomoni. Haya, tutakunywa maji."

Alipokata tu, programu ikatuma ujumbe wake wa saa saba kwa wateja wote, wazee wale wakiwemo: "Tunaamini umeufurahia wali wa leo. Karibu tena kesho!"

Nilitaka kuitupa simu pipani. Nilikimbilia kalenda. Tarehe ya leo ilikuwa imezungushiwa duara jekundu. Kumbe kutoka mfungo hadi mfungo mara nyingine ni siku kumi na nne tu. Nikalia kwa hasira. "Simu punguani hii!"

"Simu imehesabu ulivyoiambia," alisema Shangazi Ramila. "Kalenda uliiangalia?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nikaikumbuka mikebe mizito pale mlangoni. "Hapana. Nilimdanganya Mama. Na wewe nilikujibu ovyo, Shangazi. Nisamehe."

"Njia ya mwongo fupi. Chukua kisu, tumenye viazi."

Sago, zile punje za wanga zinazoliwa siku ya mfungo, hatungeweza kupika, kwa kuwa hulowekwa usiku kucha. Vyombo vilivyopikiwa wali navyo havikufaa, kwa hiyo Shangazi Ramila alishusha sufuria safi za rafu ya juu. Tulipika viazi kwa karanga, bizari nyembamba na chumvi ya mawe, maana chumvi ya kawaida hailiwi siku ya mfungo. Saa tisa nilivipeleka mwenyewe.

Bibi Savita alikuwa ameketi barazani, midomo imemkauka. Nilimwekea mkebe mapajani, nikasema. "Bibi, simu haikuharibika. Sikuangalia kalenda, nikasema nimeangalia. Na nilipoonywa sikusikia."

Alifungua mkebe, akanusa. "Chumvi ya mawe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Una hakika, au ndiyo yale yale?"

"Nimeitia kwa mkono wangu."

"Hapo sawa," alisema, na kwa mara ya kwanza alicheka. "Anza na wenzangu, mimi nitangoja."

Mama aliporudi nilimweleza yote kabla hajavua viatu. Aliniketisha karibu naye.

"Kutumia simu si kosa, hata mimi nimechoka kuandika. Lakini kazi uliyoikabidhi mashine bado ni yako. Ukiiambia uongo, itaurudia kila siku, kwa wakati, bila kuchoka. Na ukikosea sema upesi, maana wakati wewe unatafuta kisingizio, kuna mtu ana njaa."

Programu hatukuiondoa. Tuliketi mbele ya kalenda tukaingiza siku za mfungo moja moja, za mwaka mzima. Tena jioni ya kila siku kabla ya kutuma chochote, programu humwuliza kwanza Shangazi Ramila: "Kesho ni mfungo? Jibu ndiyo au hapana."

Mara ya kwanza aliiacha simu, akanijibu mimi kwa sauti: "Kalenda iko ukutani, mwanangu, na macho unayo. Kaangalie kwanza, ndipo uniulize."

Niliinuka, nikavuka jiko, nikaangalia.