Mgeni Asiyekunywa Kahawa

Soko la Al-Hammam mjini Salt lilifurika Alhamisi ile, na foleni ya bamia haikusogea kwa sababu ya mwanamke mmoja. Maysun, wakili, koti jeusi la mahakamani mkononi na mtandio wa zambarau kichwani, alikuwa amemshikia simu bibi muuza bamia, akimrekodi wimbo wa harusi.

"Dada, huyu bibi ana kesi gani?" aliuliza Iyad, fundi wa nyumba za mawe, vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

"Hana kesi. Ana nyimbo. Subiri."

"Bibi yangu anazo mia. Mimi nataka bamia."

Maysun akageuka. "Anakaa wapi?"

Bamia hazikununuliwa tena. Kwa miezi mitatu, kila Ijumaa, Maysun alikwenda kwa bibi yake Iyad kukusanya nyimbo na desturi za kitabu chake, na kila jioni Iyad alimpigia simu.

"Wakili wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeoga?"

"Kidogo."

Maysun alimpenda Iyad, tuseme ukweli, tena sana. Alichongoja ni mwenzake atamke tu.

Siku moja Iyad alipeleka picha za bibi yake nyumbani kwa kina Maysun. Baba mtu, Mzee Khalaf, akammiminia kahawa. Iyad akakiweka kikombe chini bila kuonja. Kwa desturi ya Salt, mgeni asiyekunywa kahawa ana ombi, na kijana asiye na mke akifanya hivyo mbele ya baba wa binti, ombi ni moja tu. Mlangoni, Maysun alisogea karibu asikie.

"Sema haja yako, mwanangu," mzee akamwambia kwa upole.

"Haja? Sina, ami. Ni vidonda vya tumbo, daktari kanikataza kahawa."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Maysun hakucheka. Kwa siku tisa hakupokea simu za Iyad.

Siku ya kumi Iyad alimvizia kwenye ngazi za mahakama, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa.

"Nimekukosea nini, Maysun? Niambie nijue."

"Uliulizwa haja, ukasema huna."

"Ulitaka niseme ninayo?"

"Wewe ulitaka kusema nini?"

"Hicho hicho. Nikaogopa. Wewe wakili, tena mwandishi, mimi nachonga mawe. Nikajua unafuata nyimbo za bibi tu."

Hasira zote zikamwisha Maysun, akabaki na mapenzi matupu.

"Iyad, nimehoji wazee sitini. Nimeandika kila namna wanaume wa mji huu wanavyoposa. Hakuna aliyeniambia mwanamke anaposa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakuuliza mimi. Utanioa?"

Mawakili wawili waliokuwa wakipanda ngazi wakasimama kusikiliza. Iyad akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Nitakuoa. Hata leo. Lakini desturi hii umeitoa wapi?"

"Imeanza sasa hivi," akasema Maysun. "Twende kwa baba, kabla na mimi sijaogopa."