Dirisha la Kapteni Hamed

Kila alasiri akitoka chuoni kusoma Kurani, Wafaa haendi kucheza mpaka aichungulie kompyuta ya baba yake. Baba, Kapteni Hamed, alikuwa mtahini wa marubani. Zamani simu ilikuwa haipumui nyumbani kwao, mtaa wa Malindi kule visiwani, kwa marubani kuulizia nafasi za mtihani. Sasa, mwaka 2007, rubani aliyeko Mwanza anabonyeza kitufe tu, na papo hapo jina lake linatokea kwenye kalenda ya kompyuta, siku na saa ya mtihani wake. Subhanallah! Wafaa hakuchoka kustaajabu.

"Na siku hizi za kijivu, baba?"

"Hizo nimezifunga. Dirisha la kuweka nafasi nimelikomesha hapa, kabla ya Idi. Mwezi ukiandama, ntazifungua za mbele."

Ramadhani ikiwa ukingoni, baba akenda Pemba kikazi. Jioni Da Asila, jirani yao, akaja uso umemshuka. Alikuwa akisomea urubani, na akifaulu mtihani kabla Oktoba haijesha, kazi ya kurusha ndege za Pemba ni yake. Akichelewa, anapewa mwengine.

"Kila nikitazama, nafasi zimejaa," alisema, machozi yakimlenga.

Wafaa alimwonea huruma, na alijua baba anapobonyeza. Akalivuta dirisha mpaka mwisho wa Oktoba. Lo! Siku zote za kijivu zikageuka kijani, kana kwamba mtu kafungua maduka ya mtaa mzima kwa ufunguo mmoja.

"Da Asila, njoo uchague!"

Da Asila akamkumbatia, akachagua Jumamosi, wala hakuuliza imekuwaje. Kulipokucha, marubani wa bara walikuwa wameshazinyakua nafasi zote zilizobaki.

Baba alirudi Ijumaa jioni, watu wako juu ya mapaa, shingo wamezinyoosha magharibi. "Ule pale!" Mwezi mwembamba mno, umejiinika juu ya bahari. Mwili ulimsisimka Wafaa. Takbiri zikahanikiza misikitini, kila mtu akicheka, isipokuwa Da Asila.

"Kapteni, mtihani wangu ni kesho!"

"Kesho Idi! Nani kakufungulia kesho?"

Wafaa angeweza kuisingizia kompyuta, nayo isingejitetea. Akasogea mbele.

"Ni mie, baba. Nililivuta dirisha."

Baba hakufoka, na hapo ndipo Wafaa alipoogopa kweli. "Kesho utakaa na simu," alisema.

Basi wenzake walikwenda kusherehekea Mnazi Mmoja, naye, na gauni lake jipya, akawa anawaomba radhi marubani mmoja mmoja, na kuuliza nani atampisha Da Asila. Wengine walimgombeza. Bwana Mjaka wa Tanga akacheka.

"Mwanangu, mie nilijiwekea kwa kuwa palikuwa wazi tu. Wala siko tayari. Mpe huyo dada nafasi yangu."

Siku ya Bwana Mjaka ilipofika, Wafaa alisimama nje ya uwanja wa ndege, kinywa wazi, akikiangalia kindege kinapanda na Da Asila ndani yake, baba ubavuni mwake. Kilipotua, Da Asila aliteremka akipiga vigelegele. Kafaulu!

"Siku za mbele sizijui mie, wala kompyuta haizijui," baba alimwambia Wafaa. "Ndiyo maana nazifungua kidogo kidogo. Jambo usilolijua, uliza kwanza. Na ukikosea, sema, kama ulivyosema. Ungenyamaza, leo Asila angekuwa nyumbani analia."

"Naam, baba."

Jioni Wafaa aliikuta kalenda imejaa kijivu tena. Akaiweka mikono yake nyuma.

"Baba, hizi tutazifungua lini?"