Sungura wa Kitoweo

Zahanati ya mifugo ilikuwa imejaa tele. Mbuzi alilia, mbwa akamjibu, na kuku wa mtu alikuwa ametoroka chini ya mabenchi. Fundi cherehani aliingia na gauni lake la bluu alilolishona mwenyewe, kikapu amekikumbatia kama mtoto mchanga. Hapakuwa na pa kukaa. Kijana mmoja mwenye shati jeupe na unga kwenye viwiko alimbana paka kwapani, akajisogeza mpaka akabaki kwenye ncha ya benchi.

"Karibu dada. Kaa hapa."

"Utaanguka, kaka yangu."

"Nikianguka, daktari si yupo?"

Fundi akacheka, ingawa asubuhi ile hakuwa na kicheko. Kijana alikuwa mwokaji mikate, na paka alikuwa wa mama yake, mwenye kikohozi.

"Na wewe umemleta nani?"

Fundi akafunua kitambaa. Sungura wa kijivu alilala ubavu, mguu wa nyuma ukining'inia.

"Anaitwa Bwana Mkubwa," alinong'ona. "Ni mimi niliyemvunja. Nilisukuma kiti nyuma nikishona, sikujua amelala pale." Akainama akambusu masikio.

Mwokaji hakumpa pole nyingi. Alivua kofia yake, akamkinga sungura asionane macho na yule mbwa.

"Kumbe unashona. Aproni yangu imechakaa. Nipe namba yako."

"Ni aproni kweli, au ni sababu?"

"Aproni kwanza, dada. Sababu itafuata."

Akampa namba, uso umemwiva. Kisha akaitwa dirishani.

"Sungura wa kufugwa ndani au wa kitoweo?" mhudumu aliuliza bila kuinua kichwa.

Bei zilibandikwa ukutani. Wanyama wa kitoweo walitibiwa kwa nafuu. Wa kufugwa ndani, bei ilikuwa ya kukata maini. Fundi alikumbuka simu ya dada yake mkubwa kabla hajatoka nyumbani: "Mama anavumilia magoti yake, na wewe unampeleka sungura hospitali? Huoni hata haya?"

"Wa kitoweo," alisema kwa sauti ndogo.

Daktari akaja, akaugusa ule mguu polepole. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kabisa.

"Dada, mfupa huu unataka upasuaji. Kwa sungura wa nyama hatufanyi hivyo, haina faida. Mchinje leo, au muuzie mtu, asiteseke."

"Nani anataka sungura wa nyama?" mhudumu akapaza sauti ukumbi mzima.

Fundi alitamani ardhi immeze. Aende akaseme amedanganya, mbele ya watu wote hawa? Alipogeuka, akamwona mwokaji dirishani, pochi wazi, anaonyesha kikapu kwa kidole. Alinyakua kikapu chake akatoka mbio.

Chumbani kwake simu iliita, namba ngeni, bila shaka ya mwokaji, ikanyamaza, ikaita tena. Hakuipokea. Bwana Mkubwa alikataa majani, akawa anasaga meno, krr, krr, kama wanavyofanya sungura wakizidiwa na maumivu. Mchana ukapita hivyo. Sauti ile ndiyo iliyomshinda. Simu ilipoita tena, aliipokea kwa ukali.

"Unataka kumchuna leo au kesho?"

"Nimchune nani?"

"Nilikuona unatoa pesa!"

"Nilikuwa nalipia mguu wake. Nilimwambia mhudumu huyo si wa kitoweo. Hakuna anayembusu kitoweo masikio."

Fundi akakaa sakafuni. Hasira ilimtoka yote, ikabaki aibu tupu.

"Kwa hiyo ulijua nadanganya."

"Nilijua."

"Na watu wote pale?"

"Watu wote walikuwa wanamtafuta kuku."

Alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akasema, "Sitaki unilipie. Nitakutazamaje usoni?"

"Basi silipi. Nitakusindikiza tu. Nielekeze kwako, nije na baiskeli ya mikate."

Wakarudi pamoja, kikapu kikiwa kwenye sanduku la mikate, naye mwokaji akitembea na kuisukuma baiskeli ili isiruke kwenye mashimo. Benchi lilikuwa bado limejaa. Fundi alikwenda dirishani.

"Asubuhi nilisema uongo," alisema, na safari hii hakushusha sauti. "Si wa kitoweo. Ni wangu, nampenda, na ni mimi niliyemvunja. Pesa yote sina. Naomba nilipe kidogo kidogo."

Mwenye mbuzi akageuka kutazama. Mhudumu akaweka kalamu chini.

"Mimi nina kobe nyumbani," alisema taratibu. "Lete kikapu, mdogo wangu."

Daktari alipouona mguu, alitikisa kichwa. "Asubuhi ningeuunga. Sasa umevimba, damu haipiti. Lazima niukate. Ataishi vizuri tu na mitatu, lakini ungesema mapema, dada."

"Ningesema," fundi akajibu.

Mlango wa upasuaji ukafungwa. Mwokaji hakumwambia kwamba si kosa lake. Alikaa karibu naye, akampa leso yenye unga, naye akaipokea, akajifuta, akabaki na mashavu meupe.

Simu ikaita. Alikuwa dada yake.

"Uko wapi wewe? Mbona kelele za mbuzi?"

Fundi akavuta pumzi. "Niko zahanati ya mifugo, dada. Sungura wangu anakatwa mguu kwa sababu niliona haya kusema kweli. Mama nitamtumia kama kawaida, na hili nalo nitalilipa."

Dada mtu akashusha sauti. "Uko huko peke yako?"

"Hapana. Niko na mwenzangu."

Mwokaji akaacha kupumua.

"Mwenzako? Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Hebu mpe simu huyo wa tangu asubuhi!"

Mwokaji alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akaishika simu kwa mikono miwili kama mkate uliotoka tanurini.

"Shikamoo, shemeji."

Fundi akafumba macho.

"Marahaba," dada mtu akasema mwishowe. "Haya niambie, sungura anaendeleaje?"