Funguo Saba za Yasmina

Yasmina wa mtaa wa Batsinda alikuwa mlezi wa panya. Ndiyo, panya, na usicheke. Katika maabara moja ya Kigali aliwalisha, akawabadilishia matandiko, akafunga milango kwa funguo saba zilizoning'inia kiunoni mwake. Kazi yake aliipenda.

Nyumbani mumewe, Usumani, alishona nguo. Binti yao Iteka, wa miaka minne, alikuwa hajasema hata neno moja. Tena kila mama yake aliporudi, mtoto aliziba masikio na kukimbilia nyuma ya cherehani. Hilo lilimuuma Yasmina kuliko ule ukimya. Majirani wakapata la kusema: panya wamekula sauti ya mtoto. "Lisemwalo lipo," akaongeza mama mkwe. Usumani ni mpole, lakini maneno yalimchosha. Akamtaka mkewe aache kazi mwisho wa mwezi.

Kesho yake Yasmina alimweleza yote Daktari Kabagwira, mtafiti aliyekulia Tanzania. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba huenda Iteka ana usonji, na usonji si laana, si kosa la mama, wala hauletwi na panya. Ubongo wa mtoto wa namna hiyo hukua kwa njia yake tangu mwanzo. Sauti ambazo sisi hatuzijali zinaweza kumtesa. Dawa ya maneno ya watu, alisema, ni kumpeleka mtoto akapimwe mapema.

Kisha akamwonyesha kazi yake. Kitoto cha panya, cha siku tano, kilitengwa na mama yake kwa dakika chache chini ya maikrofoni.

"Mbona kimenyamaza?" Yasmina aliuliza.

"Hakijanyamaza, Mama Iteka. Kinamwita mama yake. Sauti ni nyembamba mno kwa masikio yetu, lakini mama yake anaisikia."

Kwenye kompyuta kila mwito ulichorwa kama kijistari kilichopinda. Baadhi ya vitoto vilikuwa na badiliko la kurithi lililoonekana pia kwa baadhi ya watu wenye usonji. Daktari alihesabu miito ya vitoto vyote, akapima urefu na umbo lake, akalinganisha. Panya si mtu, alisema, hawezi kutuambia kila kitu, ila anatusaidia kuuelewa ubongo.

Yasmina aliwaza: na wangu je, ananiita?

Lakini daktari alikuwa na shida. Kwa wiki mbili, tangu maikrofoni ihamishiwe chumba cha panya, mikwaruzo mirefu ilikuwa ikiharibu michoro yake. Mafundi walikwisha kuifungua mashine mara tatu, wasione kitu.

Yasmina akasogea aone vizuri. Mikwaruzo ikatokea. Akasimama, ikakoma. Akapiga hatua, ikarudi. Hapo akamkumbuka Iteka na viganja vyake masikioni. Akazifungua funguo kiunoni, akazitikisa mara moja. Kioo cha kompyuta kikajaa mikwaruzo.

Funguo zikigongana, daktari alieleza, hutoa pia sauti za juu tusizozisikia. "Akili ni nywele," akasema, "na zako, Mama Iteka, zimetuokoa."

Jioni ile Yasmina alizifunga funguo kwenye pindo la kitenge, akaingia nyumbani taratibu. Iteka hakuziba masikio. Alitoka nyuma ya cherehani, akamshika mama yake kidole. Usumani aliacha kukanyaga cherehani, akatazama. Yasmina akamweleza habari za funguo na za usonji.

Usumani hakuitaja tena habari ya kuacha kazi. Alikata kitambaa kizito, akashona mkoba wenye vifuko saba, ili ufunguo mmoja usiuguse mwingine. Wiki iliyofuata wote watatu walikwenda hospitali. Iteka alipimwa, na kweli ulikuwa usonji. Mwalimu wa hapo akaanza kumfundisha kuomba vitu kwa picha: kikombe akitaka uji, kiatu akitaka kutoka.

Siku hizi Usumani humwambia kila mteja, hata asiyeuliza, kwamba mkewe aliona kosa lililowashinda wenye mashine. Mama mkwe naye husema alijua tangu zamani kuwa mkamwana wake ana akili. Haya.

Iteka bado hajasema. Ila juzi Yasmina aliporudi, alimkuta anamngoja mlangoni na picha mkononi. Haikuwa ya kikombe wala ya kiatu. Ilikuwa picha ya Yasmina mwenyewe.

Yasmina alipiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili.

"Abee, mwanangu," akaitika.