Machozi Mbele ya Mama Mkwe

"Nesta, mwambie mchumba wako asogee. Mama yako anakuja," alisema Jonasi mwenye duka.

Efraimu alisikia mwenyewe. Aliinuka kwenye gunia la kahawa, akazunguka duka na kuketi nyuma ya ukuta. Jembe la posa lilishapokelewa, na tangu siku ile yeye na Mama Nesta hawakutakiwa kuonana uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani. Ndivyo Wanyiha walivyoheshimu ukwe, na hata kanisa halikuwa limeifuta desturi hiyo pale Isansa.

Jonasi ndiye peke yake aliyekuwa na redio. Siku hiyo ilikuwa fainali ya kombe, Tanganyika na Uganda, na watu walikuwa wameacha kahawa kwenye vichanja waje kusikiliza.

"Nesta," Efraimu aliita kutoka nyuma ya ukuta. "Mwambie Jonasi aongeze sauti."

"Tulia. Tumeshawafunga moja, unataka nini tena?"

"Nataka la pili. Waganda hawa si wa kuwaamini."

Nesta alicheka. Arusi ilikuwa Jumamosi, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Waganda wakasawazisha. Kisha, refa akiwa na kipenga mdomoni, wakafunga la pili. Mtangazaji alisema polepole kama anayetangaza msiba. Jonasi akazima redio kulinda betri yake. Wazee waliguna, wakaanza kukung'uta nguo. Kufungwa kunauma, lakini kahawa haijichambui yenyewe.

Efraimu akatokea nyuma ya ukuta. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Aliwapita wanaume, akampita Nesta, akaenda moja kwa moja alipoketi Mama Nesta kati ya wanawake. Akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, tumefungwa," alisema. "Mama, tumefungwa."

Akalaza kichwa magotini pake, akalia.

Wanawake walijifunika nyuso. Mama Nesta alikuwa amekauka. Mumewe, mzee Nikodemo, ndiye aliyemvuta Efraimu kwa ukosi wa shati.

"Umemshika mkwe wako?"

"Sikujua, baba. Macho yangu..."

"Arusi hakuna. Jembe lako utalifuata."

Nesta aliona dunia imemgeuka. Alimfuata Efraimu mpaka kijitoni.

"Umeniua, Efraimu. Kwa ajili ya mpira."

"Si mpira."

"Ni nini basi? Wachezaji wenyewe hata hawakujui."

Efraimu alinawa uso kwanza.

"Mama yangu alipokufa nilikuwa mdogo. Wajomba wakasema mwanaume halii. Sikulia, nikazoea hivyo. Leo lile bao lilipoingia kitu kilikatika ndani. Nikaona mama ameketi. Nikaenda."

"Ulimwona mama yangu au mama yako?"

"Sijui, Nesta. Naona aibu."

Hasira yote ilimwisha Nesta. Alibaki na huruma, na huruma haimshawishi mzee Nikodemo.

Jioni Efraimu alikuja nyumbani kwa kina Nesta na jogoo pamoja na mjomba wake Anania kuomba radhi. Efraimu alisimama pembeni ya ua, mgongo ameugeuzia nyumba. Mama Nesta alikuwa jikoni.

"Mzee Nikodemo, mtoto amekosa," Anania alisema. "Hakuna anayebisha."

"Jogoo tunapokea. Kosa la kumshika mkwe lina dawa yake. Lakini binti simtoi. Mwanaume anayelia kwa mpira, siku mtoto akiugua atafanya nini?"

Anania akamkabidhi mzee jogoo.

"Baba," Nesta alianza.

"Nyamaza, mwanangu."

Hapo Mama Nesta akatoka jikoni. Hakujifunika uso. Alipita mbele ya wote, akaenda kusimama karibu na Efraimu.

"Mama Nesta, rudi ndani."

"Siku tulipomzika Timotheo wetu, wewe ulilia?"

Nesta alishtuka. Timotheo alikuwa kaka yake, aliyekufa kwa surua akiwa bado anatambaa, na jina lake lilikuwa halitajwi katika nyumba ile.

"Mimi ni mwanaume," Nikodemo alisema.

"Kesho yake ulichukua jembe ukaenda shambani. Na kesho kutwa. Mvua zikaja, zikaisha, nami nalia peke yangu jikoni. Hukunipiga, hukuninyima, sikusengenyi. Lakini sikuwa na mtu wa kulia naye. Leo mtoto huyu kanishika mikono akalia, na mimi nikamlilia Timotheo moyoni. Nilikuwa nimekaa kimya, mkadhani nimekasirika. Nesta asije akaolewa na mtu wa kukimbilia shambani."

Nikodemo aliegemeza fimbo yake ukutani.

"Nilikuwa nalia kule shambani," alisema. "Kila siku. Nilikwenda ili usinione."

Mama Nesta alivuka ua taratibu, akasimama mbele ya mumewe.

"Ningetaka kukuona, Nikodemo."

Nesta hakuwahi kumsikia mama yake akimwita baba kwa jina. Hakuwahi pia kumwona baba yake akifuta macho kwa kiganja, mbele ya wageni, bila kugeukia ukutani.

"Anania," mzee alisema. "Jumamosi mje mapema."

Efraimu alikuwa bado amewapa mgongo, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nesta akamwendea, akasimama naye, wakalia wote wawili.