Nilinoa Kalamu ya Vipofu Nikitaka Kuua

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, ni kipofu, na nimeshafungwa jela. Dada yangu ndiye anayeandika haya nami ninatamka. Ameniambia nikianza kujitetea ataweka kalamu chini, na huyo akisema kitu hubadilishi!

Sitataja kabila langu wala la yule mwanamume mwingine. Watu wa Isiolo tunajuana. Nikitaja tu, mtaacha kusoma muanze kuchagua upande.

Zamani nilikuwa mchungaji na dalali wa mifugo huko Oldonyiro. Nilikuwa na ng'ombe wangu, mke wangu, binti mmoja, na mdogo wangu Daudi ambaye tulichunga pamoja tangu utotoni. Sikuwa tajiri, lakini nani alinipita barabarani bila kunisalimia?

Wezi wa mifugo walitujia alfajiri, kabla hatujafungua zizi. Daudi alipigwa risasi ya kifua. Alinishika mguu akaniomba nisimwache... kisha mkono ukalegea. Nikainuka na rungu. Rungu mbele ya bunduki, jameni! Mwanamume mmoja akanigeuzia kitako cha bunduki akanitwanga usoni mara tatu. Jicho la kushoto lilipasuka hapo hapo. La kulia lilifia hospitalini, siku kumi na mbili nikilililia.

Nikiwa chini, mdomo umejaa damu, nilimsikia huyo huyo aliyenipiga akipiga mluzi kuwaswaga ng'ombe wetu. Miluzi miwili mirefu, kisha mmoja mfupi unaokatika ghafla. Asiyechunga hawezi kuelewa. Kila mchungaji ana mluzi wake, ng'ombe wake wanaujua, na mchungaji mwenzake akiusikia mara moja hausahau. Huo mluzi nililala nao na kuamka nao miaka sita.

Niseme na hili, maana dada yangu amenikoholea. Baada ya kupofuka niligeuka mnyama nyumbani. Chakula kikichelewa, ninatupa sahani. Mke wangu akinishika mkono kuniongoza, ninampiga kwa fimbo ile ile anayoninyooshea njia. Siku moja fimbo ilimpata binti yangu kwenye paji la uso. Mke wangu hakupiga kelele. Alifunga nguo zake akamchukua mtoto wakaenda kwao Ngaremara, na mpaka leo sijasikia sauti zao. Ningemlaumu vipi?

Dada akanichukua, akanileta kwake Kiwanjani, hapa Isiolo mjini. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kama mzigo, ninawatukana wapita njia.

Ndipo akaja Bi. Kathure. Alikuwa anasomea udaktari, lakini ule wa vitabu, si wa sindano. Utafiti wake ulikuwa juu ya watu waliopofuka ukubwani. Alitaka kujua kama tunaweza kujifunza kusoma nukta nundu kwa vidole, tutumie na mashine za kisasa, turudi kufanya kazi na kuishi kama watu. Alitafuta watu wazima kumi na wawili. Nilimfukuza mara mbili. Mara ya tatu dada alinivalisha viatu kwa nguvu!

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi mdogo karibu na soko. Siku ya kwanza kila mtu alijitambulisha. Mimi nilisimulia yote, Daudi, bunduki, macho. Watu wakasema pole. Mtu mmoja tu hakusema kitu. Sikujali.

Nilianza vibaya. Mikono ya kamba na fimbo, ngozi ngumu, utahisi nukta gani? Kwangu karatasi ilikuwa ukuta tu. Aliyeniokoa ni Mama Safia. Alikuwa mama wa makamo, mfanyabiashara wa vitambaa pale mjini, ugonjwa wa sukari ulimla macho. Yeye alikuwa ameshaelewa haraka kutushinda wote. Alinishika vidole akacheka, "Wallahi, mwanangu, hizi ni kwato!" Akaniambia niviloweke kwenye maji ya moto kila jioni na kuvipaka mafuta. Kila asubuhi alinisalimu kwa salaam aleikum, mimi najibu habari ya asubuhi, mama, halafu ananiuliza kwato zinaendeleaje.

Baada ya miezi mitatu nilisoma neno langu la kwanza. Lilikuwa "maji". Nililia mbele za watu, mwanamume mzima! Mama Safia akanipiga mgongoni akasema sasa nitaacha kutukana watu barabarani. Na kweli niliacha. Chifu alikuwa ameshamwambia Bi. Kathure kwamba nikimaliza atanitafutia kazi ya kupokea simu na kuandika ujumbe ofisini kwake. Mimi, kazi! Nilianza kufikiria kwenda Ngaremara kuomba radhi.

Mbona sikubaki hapo?

Yule aliyenyamaza siku ya kwanza nitamwita Petro. Alipofushwa na presha ya macho. Alikaa kiti cha tatu kutoka dirishani, mpole, ananusa tumbaku, hasemi ila akiulizwa. Siku moja stima ilipotea, mashine zikaisha chaji. Bi. Kathure akatuambia tupitishe muda, kila mtu aoneshe kitu cha kazi yake ya zamani. Mama Safia alitukadiria bei ya kitambaa kwa kukigusa tu. Zamu ya Petro ilipofika aliomba arukwe, mpaka watu wakaanza kumchokoza.

Kisha akapiga mluzi. Miwili mirefu... na mmoja mfupi, ukakatika.

Chai ya moto ilinimwagikia mapajani na sikusikia maumivu. Nilimwambia, "Rudia, ndugu yangu." Akarudia. Taratibu kabisa. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Sasa niambieni, ningefanya nini? Najua, mtasema polisi. Mtasema Bi. Kathure, mtasema Mungu. Mimi sikutaka hata mmoja wao. Nilitaka shingo yake!

Kuna kalamu tunayoandikia sisi vipofu. Ina kishikio cha mviringo kinachokaa kiganjani, na mbele yake kijisumari kifupi cha kudungia karatasi. Niliipeleka yangu kwa fundi wa vyuma wa jua kali, nikamdanganya imevunjika, aniwekee msumari mrefu. Akaniuliza, "Hii ni ya kuandika ama ya kuchinja, mzee?" Tukacheka wote. Nikarudi nyumbani nikainoa kwenye jiwe la mlangoni siku nne. Dada aliniuliza ninafanya nini, nikamwambia mwalimu anataka nukta safi.

Nilipima kila kitu. Kutoka kiti changu hadi chake ni hatua saba. Kiti chake nitakijua kwa shuka lake, alilitundika kwenye mgongo wa kiti kila siku, na lilinuka tumbaku. Usiku nilirudia kichwani, mkono wa kushoto begani, wa kulia shingoni. Siku hizo zote Mama Safia aliniuliza mbona siku hizi nasoma kama ninayegombana na karatasi. Nilimjibu nimechoka.

Asubuhi yenyewe Bi. Kathure alitoka nje kupokea simu. Wengine walikuwa wanasoma kimya, vidole tu vinateleza. Nikainuka. Nikahesabu hatua saba. Nikagusa shuka, tumbaku ikanijia puani, na damu ikanipanda kichwani nikasikia masikio yakivuma. Nikaweka mkono wa kushoto begani.

Mkono mwingine ukaja juu ya wangu, taratibu, kama mtu anayesalimiwa na rafiki. Ulikuwa laini. Ulinuka mafuta ya nazi. Mwili wangu ulijua kabla yangu... lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshashuka!

Nilidunga mara tatu. Ya kwanza ilipita kwenye mgongo wa ule mkono ikaingia mpaka kwenye wangu. Ya pili ilichana kidole chake cha shahada hadi kwenye kiungo. Ya tatu ilikwama kwenye mbao za kiti.

"Ya Allah! Ya Allah! Ni nani? Nimekufanyia nini?"

Sauti ya Mama Safia.

Mashine yake ilikuwa imeisha chaji, na soketi ilikuwa upande wa Petro. Petro akampisha kiti. Dirisha lilikuwa linaingiza upepo, akamwachia na shuka ajifunike. Ni hivyo tu! Mtu mwenye macho angeona kutoka mlangoni.

Vurugu iliyofuata, wacha tu. Viti vinaanguka, watu wasioona wanakanyagana, kila mtu anapiga nduru na hajui anamkimbia nani. Mtu akanirukia, tukaanguka sakafuni. Alikuwa Petro. Nilimuuma sikio mpaka nikaonja damu yake. Akanibamiza kichwa sakafuni, mara ngapi sijui, kisha akaniacha akatambaa kumtafuta Mama Safia. Nilisikia akirarua shuka lake kumfunga mkono, huku analia.

Mahakamani Petro aliitwa kama shahidi. Alieleza aliyoyasikia, kisha akamwomba hakimu ruhusa aongeze neno. Akasema yeye alikuwa kwenye ule uvamizi. Akasema ndiye aliyenivunja uso. Alinijua siku ya kwanza niliposimulia kifo cha Daudi, na miezi yote hiyo alijaribu kuniambia, mdomo ukakataa. Ndiyo maana alipiga ule mluzi.

"Nilipiga nikijua ataujua," akasema. "Nikangoja aje aniulize. Kila siku nilikaa kiti kile kile nikimngoja."

Nilikaa pale na pingu mikononi. Miaka sita nilikuwa nimeyaomba maneno hayo! Alikuwa ameniletea mwenyewe, bila mtu kumshurutisha. Nilichohitaji ni kutembea hatua saba na swali moja. Polisi walimchukua kuandika taarifa, na kesi yake bado inaendelea, lakini siku ile hakimu alikuwa anasoma hukumu yangu mimi. Miaka miwili.

Utafiti wa Bi. Kathure ulisimamishwa. Nani ataendelea na darasa lenye damu? Mashine zilirudishwa kwenye maboksi. Mzee mmoja alikuwa amefika nusu ya Injili ya Luka. Mwingine alikuwa karibu kurudi dukani kwake. Wote wakarudi kwenye viti vyao vya plastiki. Niliwapofusha mara ya pili, na hao hawakuwa wamenikosea lolote. Chifu naye hakutaka hata kusikia jina langu.

Nilipotoka jela, dada alinipeleka kwa Mama Safia. Ni mtaa huo huo wetu. Nilipiga magoti mlangoni. Aliniruhusu kugusa kidole chake. Kimejikunja, kigumu, na ncha yake imekufa. Aliniambia hata chai ya moto hakiisikii, sembuse nukta. Amejaribu kwa mkono wa kushoto, lakini sukari imeshaanza kuufisha nao.

Nikalia. Akaningoja nimalize.

"Nimekusamehe kwa Mungu, mwanangu," akasema. "Lakini usirudi hapa. Nikisikia fimbo yako ikigonga njiani, mkono huu unauma mpaka nashindwa kulala."

Wasomaji wenzangu, mimi sina elimu ya kuwahubiria. Najua huko nyumbani kwenu wapo waliozika ndugu kwa risasi. Najua wapo wanaonoa kitu sasa hivi, chuma au neno. Nawasihi, nendeni mkamuulize huyo mtu kwanza! Nendeni na chifu, nendeni na polisi, nendeni na mama zenu, lakini mwende na mdomo. Mtu unayemwinda anaweza kuwa amekaa anakungoja. Na atakayekuwa kwenye kile kiti siku utakapofika, huwezi kujua ni nani.

Mimi siku hizi nikienda sokoni ninazunguka kwa barabara ya nyuma, ni mbali na ina mawe, ili Mama Safia asisikie fimbo yangu.