Rangi Namba Kumi na Nne

Jumamosi ile duka la vipuri vya pikipiki lilifurika. Wateja walibanana kwenye kaunta, kila mmoja kashika chuma kilichovunjika, kila mmoja akidai kafika wa kwanza. Ndipo sauti ya kike ikapenya katikati ya mabega.

"Jeti kubwa ya kabureta. Namba mia na ishirini."

Wanaume wakageuka. Alivaa sketi ndefu ya jinzi na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikakubali. Kucha zake zilikuwa nyekundu, na chini ya moja kulikuwa na grisi. Mmoja akamuuliza kama katumwa na kaka yake, wenzake wakacheka.

Muuzaji hakucheka. Alikuwa kijana mrefu, mpole kupita kiasi, anayejua mahali pa kila skrubu mle dukani lakini hajui aweke wapi mikono yake akitazamwa na mwanamke.

"Umebadilisha ekzosi?" akauliza.

"Na chujio la hewa. Sasa inavuta hewa nyingi, petroli haitoshi. Au na wewe unataka kujua nimetumwa na nani?"

"Nataka kujua utaifunga na nani."

"Peke yangu."

"Basi chukua na gasketi ya bakuli la kabureta. Ya zamani itachanika ukiifungua."

Akaweka gasketi juu ya jeti, kile kipande cha shaba kidogo kama punje ya mahindi chenye kitundu cha kupitisha petroli. Mwanamke akamtazama usoni, akatabasamu, na muuzaji akawa kwisha habari yake.

Alikuwa fundi wa kucha saluni, na pikipiki yake ilikaa uani kwa shangazi yake. Muuzaji alianza kwenda pale jioni kupeleka vipuri, halafu akawa anakwenda bila vipuri, mpaka shangazi akaanza kumwita mkwe na kumpa ufunguo wa geti ili asimwinue kila mara kwenye kiti. Fundi wa kucha yeye alimpa sharti.

"Baba yangu ni fundi wa pikipiki," alimwambia. "Kaka zangu aliwapa spana. Mimi miaka kumi nilishika tochi. Kwa hiyo hapa wewe ndiye utakayeshika tochi, mpenzi. Spana huigusi."

"Hata ukikwama?"

"Nikikwama nitajikwamua. Inua mkono, unanimulikia goti."

Akashika tochi miezi miwili, na hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Alimtazama akifungua, akipima, akikosea, akitukana kwa sauti ya chini, kisha akirudia. Kila nati au skrubu aliyoikaza aliichora mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nusu juu yake na nusu juu ya chuma ilichofungwa. Ikilegea hata kidogo mistari haikutani tena, naye anaona. Rangi ilikuwa ile ile siku zote, nyekundu namba kumi na nne. Alikuwa akijiandaa kwa mbio za Jumapili kwenye uwanja wa zamani wa ndege, mmoja mmoja dhidi ya saa, na kwa mara ya kwanza baba yake alikubali kuja kumtazama.

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, mteja mmoja aliingia dukani na kubwaga juu ya kaunta pistoni iliyotoboka.

"Namba mia na ishirini yako hii," alisema. "Miezi yote mjini iko sawa. Juzi nimeifungua mafuta mpaka mwisho barabara kuu, kilomita tatu tu, pistoni ikang'ang'ania, tairi la nyuma likakwama. Niko hai kwa bahati."

Muuzaji alitoa jeti iliyobaki kwenye pakiti ile, akaiweka kando ya nyingine ya pakiti ya zamani. Namba zilifanana, matundu hayakufanana. Ile ya pakiti mpya ilipitisha petroli kidogo kuliko ilivyoandikwa, kiasi cha kuunguza pistoni, na kosa hilo lisingeonekana mpaka injini ifunguliwe mafuta hadi mwisho. Kesho yake mpenzi wake angeifungua mpaka mwisho, na jeti yake ilitoka kwenye pakiti hiyo hiyo.

Angepiga simu tu. Lakini aliona haya, na haya ya mwanamume mpole ni kitu kibaya sana. Alichukua jeti nzuri, akaenda uani fundi wa kucha akiwa bado kazini, akafungua kabureta, akaibadilisha, akanunua chupa ya rangi nyekundu duka la jirani na kuchora mistari upya. Jeti mbaya aliitupa ndani ya kikopo cha skrubu, na huo ulikuwa upumbavu wake wa pili.

Jumapili asubuhi fundi wa kucha akampigia simu.

"Umeamka salama, mpenzi?"

"Nani kagusa kabureta yangu?"

Muuzaji akaketi kitandani.

"Hii si namba kumi na nne. Hii imeelekea chungwa. Napaka watu kucha siku sita kwa wiki, ulidhani sitaona? Umeazima chupa ya mwanamke gani?"

"Nimenunua, haki ya Mungu. Nilikuwa... nahakikisha tu."

"Unahakikisha nini? Kazi yangu?"

"Siyo hivyo, nisikilize—"

"Miezi miwili unanishikia tochi, kumbe unasubiri nigeuke. Wewe na baba yangu ni wale wale. Jeti yangu nimeikuta kwenye kikopo na nimeirudisha. Usije."

Alipompigia, simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena akiwa anavaa viatu, akapiga tena akiwa ngazini. Akampigia shangazi.

"Ameshaondoka, mkwe. Hata chai hakugusa. Umemfanya nini mwanangu?"

Alisimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita, akamsihi dereva akimbize. Njia nzima aliona tairi la nyuma likikwama. Kila taa nyekundu waliyosimama alihisi kama inamwonea yeye peke yake.

Uwanjani muungurumo ulisikika tangu getini. Alimwona: koti jeusi la ngozi, kitambaa cha njano kichwani, helmeti mkononi, wawili tu mbele yake. Kando ya kamba alisimama mzee aliyevaa ovaroli safi, na nyuma yake wale wale wanaume wa kaunta.

"Nilikuambia usije."

"Ukishaifungua mafuta mpaka mwisho pistoni itang'ang'ania," akasema, akihema. "Jeti niliyokuuzia ni mbovu. Namba yake ya uongo. Jana mteja kaniletea pistoni iliyotoboka."

"Hata leo unatafuta sababu."

Wa kwanza kwenye foleni akaondoka. Akabaki mmoja. Muuzaji akageukia kamba, akapaza sauti mbele ya wateja wake wote.

"Kazi yake haina kosa hata moja. Mimi ndiye niliyeuza kitu nisichokijua, halafu nikaona haya kusema."

Fundi wa kucha alimkazia macho kwa muda, kisha akamwambia msimamizi amrudishe mwisho wa foleni. Alifungua kabureta palepale, akatoa jeti, na kutoka mkobani akatoa kijiti cha chuma cha kuchorea maua kwenye kucha. Kwenye jeti aliyoirudisha kilikwama. Kwenye ile ya muuzaji, aliyokuwa ameitupa mkobani asubuhi, kikapita. Akaitupa ile mbovu, akachukua bisibisi afunge nzuri.

Mzee wa ovaroli alikwishavuka kamba. Kwa mazoea akanyoosha mkono kuchukua bisibisi.

"Chini ya tangi kuna giza, baba," binti akasema. "Nimulikie."

Mzee akabaki kanyoosha mkono. Muuzaji akatoa tochi mfukoni, akampa. Baba akapiga magoti, akamulika, na hakusema kitu mpaka skrubu ya mwisho ilipochorwa.

Binti akawa wa nne kati ya kumi na saba. Muuzaji hakuiona saa. Alisikiliza injini tu, ikipanda, ikipanda, bila kukatika, na aliposikia inashuka taratibu mwisho wa uwanja macho yake yalilowa.

Fundi wa kucha alirudi, akavua helmeti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ile dukani mimi sikukucheka. Nikaogopa safari hii utanicheka wewe."

"Ningekucheka. Kisha ningeibadilisha mwenyewe." Sauti yake ikalegea. "Usinizunguke tena kwa nyuma. Mbele yangu niambie hata nikasirike."

"Nakupenda. Nataka kukuoa. Hilo nakuambia mbele yako."

Alimtazama mpaka muuzaji akakosa tena pa kuweka mikono. Kisha akatoa ile chupa ndogo ya namba kumi na nne.

"Lete kidole. Cha pete."

Akakibana sambamba na cha kwake, akachora mstari mmoja mwembamba uliovuka vyote viwili.

"Ukilegea nitaona," akasema. "Sasa nenda kwa baba kabla haijakauka."

Mzee alikuwa bado amesimama kando ya pikipiki, tochi inawaka mkononi mchana kweupe. Muuzaji akamwendea.